Reli inayopanda na kushuka kama mawimbi kati ya Nakuru na Kisumu: vimo virekebishwe vipi?

Swali: "Ninajenga njia ya reli ya zamani ya Nakuru–Kisumu kwenye Trainz, simyuleta ya treni ya kompyuta. Ardhi nimeitoa kwenye data ya setilaiti, reli nimeilaza juu yake nikifuata picha za angani. Kuanzia Njoro reli imekuwa mawimbi: hapa imezama ardhini, pale inaning'inia hewani. Kati ya Molo na Mau Summit nimesoma mwinamo wa asilimia 6.4, na treni yangu ya tani 600 inakwama. Nikiinua sehemu moja, ya jirani inaharibika. Nifanyeje bila kuanza upya?" (Msomaji, Nakuru)

Ndugu, usifute kitu. Kazi uliyokwisha kuifanya itabaki karibu yote. Kitakachobadilika ni mpangilio wa vimo. Umeiacha reli iifuate ardhi, na hapo ndipo penye kasoro. Reli haiifuati ardhi popote duniani, sembuse kwenye milima ya Mau. Fundi hupanga kwanza kimo cha reli kuanzia kituo hadi kituo, halafu ardhi ndiyo inayochongwa au kujazwa mpaka iifikie. Kwenye simyuleta mpango ni huohuo, na sababu zipo mbili: data yako ya ardhi ni ya mraba wa mita 30 hivi, tena ina makosa ya mita kadhaa juu na chini, ilhali reli hailivumilii kosa hata la nusu mita katika umbali wa mita 50.

Tuanze na treni iliyokwama, maana inaonyesha kosa ni kubwa kiasi gani. Kila asilimia moja ya mwinamo hudai nguvu ya kilo 10 kwa kila tani ya treni. Tani 600 kwenye asilimia 2 zinadai tani 12 za mvuto kwa kupanda tu, kabla hujahesabu msuguano wa magurudumu na kona. Kwenye asilimia 6.4 zinadai zaidi ya tani 38. Injini ya dizeli yenye uzito wa tani 100 na mshiko wa asilimia 25 relini inavuta tani 25 kwa shida, zaidi ya hapo magurudumu yanateleza. Kwa hiyo injini yako haina ubovu wowote. Inakwama pale ambapo hata ya kweli ingekwama. Waliojenga njia hii hadi Kisumu mwaka 1901 walijifunga kwa mwinamo wa juu wa 1 kwa 50, yaani asilimia 2. Namba yoyote juu ya hiyo kwenye njia kuu ya Mau ihesabu kuwa kosa lako hadi ithibitike vinginevyo.

Kumbuka pia sura ya njia nzima. Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi, Mau Summit imepita 2,500, na Kisumu ni mita chache juu ya maji ya Ziwa Viktoria, ambayo yako karibu mita 1,135. Kutoka kileleni hadi ziwani ni kushuka mita 1,400. Kwa asilimia 2 bila kupumzika hata mara moja, mteremko huo unahitaji kilomita 70 za reli. Ndiyo maana njia inajipinda ubavuni mwa milima pande za Londiani na Kipkelion, na ndiyo maana kampuni ya American Bridge ililetwa kujenga madaraja marefu ya chuma 27 upande huo. Njia yako ikitokea fupi kuliko ilivyo kwenye ramani, umenyoosha kona mahali, na mita ulizozipunguza utazilipa kwa mwinamo.

Kabla ya kugusa pete hata moja (vile viduara vinavyoshikilia reli kwenye simyuleta), ipime data yenyewe. Ziwa ndilo mzani wako. Peleka kishale juu ya maji ya Ghuba ya Kisumu na usome kimo. Ukipata kati ya 1,133 na 1,137, uko salama. Ukipata kama 1,120, data hiyo haihesabu kutoka usawa wa bahari. Inahesabu kutoka umbo la kihesabu la dunia linalotumiwa na GPS, na hapa kwetu tofauti ya hivyo viwili ni mita kumi na kitu. Hilo si tatizo iwapo ardhi yote imetoka chanzo kimoja. Tatizo huja ukichanganya: vipande vya Nakuru vya chanzo hiki, vya Muhoroni vya chanzo kile, na vimo vya GPS ya simu katikati. Utakuta ngazi mahali vipande vinapokutana, na hakuna kurekebisha reli kutakakoiondoa. Ongeza au punguza kimo cha kundi zima la vipande kwanza.

Kuna makosa mengine matatu ambayo data ya setilaiti huyafanya upande wetu huu, na ukiyajua utaokoa siku nyingi.

La kwanza ni miti. Data ya SRTM, yaani vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa rada kutoka angani mwezi Februari 2000, haioni udongo chini ya msitu. Inapima mahali fulani kati ya ardhi na vilele. Kwenye mashamba ya misonobari na misaiprasi ya Elburgon na Molo, "kilima" cha mita kumi chenye ukingo ulionyooka kama rula si kilima, ni shamba la miti. Fungua picha ya angani ya sehemu hiyo. Ukingo wa kilima ukilingana na ukingo wa msitu, ishushe ardhi, reli iache. Lakini usitegemee picha ya mwaka huu peke yake, kwa sababu miti iliyopimwa mwaka 2000 huenda ilikatwa zamani na mingine kupandwa. Ukingo ulionyooka unatosha kuwa ushahidi.

La pili ni mabonde membamba. Korongo lenye upana wa mita 40 likipimwa kwa mraba wa mita 30 hujazwa na kingo zake. Chini panapanda, juu panashuka. Ndiyo sababu madaraja yako ya upande wa Kipkelion yanaonekana mafupi ya miguu, na vichwa vyake vinakaa hewani. Bonde la namna hiyo lazima ulichimbe kwa mkono.

La tatu ni miwa. Kuanzia Muhoroni kwenda Chemelil na Miwani shamba lililokomaa linapita urefu wa mtu, na lililovunwa jana ni tupu. Rada ikipita juu ya viraka hivyo, uwanda wa Kano unatoka na manundu ya mita mbili tatu ambayo hayapo.

Sasa nanga, yaani vimo visivyosogea ambavyo vingine vyote vitavishikilia. Usijaribu kurekebisha njia nzima kwa pamoja. Chagua vituo: Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani, Kibos, Kisumu. Kila kituo kipe kimo kimoja na ukifunge. Ukiwa na picha ya bango la zamani la kituo, litumie, maana mabango mengi ya reli yetu yaliandika kimo, ila kwa futi: zidisha kwa 0.3048. Bango likisema futi 6,071, hiyo ni mita 1,850.4. Kama huna bango, soma ardhi kwenye nukta kumi ndani ya eneo la kituo, tupa mbili za juu kabisa na mbili za chini kabisa, chukua wastani wa zilizobaki. Nukta moja haitoshi. Inaweza kuwa imeangukia paa la ghala.

Baada ya hapo toka kwenye simyuleta ufungue jedwali la Excel. Safu nne zinatosha: umbali, kimo cha ardhi, kimo cha reli, tofauti. Nitakuonyesha kilomita tatu za mfano, ardhi ya aina unayoikuta kati ya Njoro na Elburgon. Kila mita 500 umesoma ardhi hivi: 2,300.0, kisha 2,311.5, 2,309.0, 2,331.0, 2,338.5, 2,336.0, na mwisho 2,349.5. Reli ikifuata ardhi, kati ya mita 500 na 1,000 inashuka kwa asilimia 0.5, halafu mita 500 zinazofuata inapanda kwa asilimia 4.4. Hayo ndiyo mawimbi yako. Lakini kutoka mwanzo hadi mwisho ni kupanda mita 49.5 tu kwa mita 3,000, sawa na asilimia 1.65. Chora mstari mmoja wa asilimia 1.65 na reli itapita kwenye 2,308.25, 2,316.50, 2,324.75, 2,333.00, 2,341.25, ifike 2,349.50. Toa ardhi kwenye reli. Jibu likiwa chanya ni tuta (udongo wa kujaza), likiwa hasi ni mkato (udongo wa kuchimba):

mita 500: mkato wa 3.25
mita 1,000: tuta la 7.50
mita 1,500: mkato wa 6.25
mita 2,000: mkato wa 5.50
mita 2,500: tuta la 5.25

Hapa ndipo kazi ya kichwa inapoanza, na ningekusihi usiiharakishe. Tuta la 7.50 kwenye mita 1,000: angalia picha. Kuna kijito? Basi ni tuta lenye kalvati, au daraja fupi, na namba inaeleweka. Mikato miwili inayofuatana kwenye 1,500 na 2,000: kuna msitu? Ikiwa upo, mkato huo huenda haupo kabisa, ni miti; shusha ardhi ya eneo lote mita tano hivi kabla ya kuamua chochote. Lililobaki, tuta la 5.25 kwenye mita 2,500, liko ubavuni mwa mlima. Hilo linastahili maelezo zaidi, kwa sababu limewapotezea wajenzi wengi muda kuliko mengine yote.

Mahali penye ubavu, kosa la kimo mara nyingi ni kosa la upande. Ikiwa mlima unainama kwa asilimia 25, kila mita nne unazosogea kuelekea juu zinakupa mita moja ya kimo. Tuta la 5.25 linatoweka ukiisogeza reli mita 21 kuelekea mlimani. Na mita 21 ni kosa la kawaida kabisa picha ya angani ikiwa haikupachikwa sawasawa juu ya ardhi. Wajenzi wa 1900 na 1901 walikuwa na majembe, baruti na haraka. Waliipitisha reli mahali ambapo mlima wenyewe uliwapa kimo, wakakwepa kuchimba. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: tuta au mkato ukipita mita 8 kwa zaidi ya mita mia mbili, na hapana kijito wala shingo ya kilima, sogeza reli kando kwanza. Kimo kiguse mwisho.

Kona nazo zinakula mwinamo. Treni ikiwa kwenye kona kali inaburuta zaidi, kwa hiyo mafundi hupunguza mwinamo hapo ili jumla ya mzigo ibaki ileile. Desturi ya reli za India za upana wa mita moja, ambao ndio upana wa reli yetu hii, ni kupunguza asilimia 0.03 kwa kila digrii ya kona, na digrii unazipata kwa kugawa 1,750 kwa nusu kipenyo cha kona kwa mita. Kona ya nusu kipenyo cha mita 175 ni digrii 10, toa 0.3, na kikomo chako hapo ni 1.7 badala ya 2. Mstari wetu wa 1.65 unapita kwa shida. Ingekuwa kona ya mita 109, yaani digrii 16, kikomo kingeshuka hadi 1.52 na mstari ungekataa. Ungelazimika kuilegeza kona au kurefusha njia.

Jedwali likishakamilika, rudi kwenye Trainz, na kwanza hifadhi nakala ya njia kwa jina jingine. Tazama pete za splaini ya reli, yaani ule mstari unaojipinda ukipita kwenye pete zote. Pete nyeupe haijafungwa kimo: inakaa juu ya ardhi na kupanda au kushuka pamoja nayo. Pete ya njano imefungwa. Malalamiko yako kwamba "nikiinua sehemu moja ya jirani inaharibika" yanatoka hapa. Umefunga pete moja katikati ya nyeupe, ukavuta ardhi kuifuata, na zile nyeupe za jirani zikapanda na udongo. Kwa hiyo usiiguse ardhi kabla pete zote za kipande, kutoka kituo hadi kituo, hazijawa za njano. Andika kimo cha kila pete kwa tarakimu kutoka kwenye jedwali lako. Kuvuta kwa kipanya ni kubahatisha.

Nafasi kati ya pete ina maana kubwa. Splaini haiendi kama rula kutoka pete hadi pete. Inajikunja ipite kwenye zote kwa ulaini, na pete mbili zikiwa mita 15 na ya tatu iko mita 300, mkunjo wa upande mfupi unavimba kwenye upande mrefu. Utaona nundu katikati ya kipande ingawa vimo vya pete zote ni sahihi. Weka pete kila mita 80 hadi 120 kwenye mwinamo ulionyooka, na usiache pengo moja likawa zaidi ya mara mbili ya jirani yake. Pete zilizozidi, zile ulizoziweka wakati wa kufuata picha na hazibadilishi kona, ziondoe. Njia yenye pete chache zilizopangwa vizuri ni laini zaidi, na ni nyepesi kuirekebisha.

Mwinamo unapobadilika, usiuvunje ghafla. Tuseme mstari wetu wa 1.65 unaishia mita 3,000 na kituo kinaanza kwa asilimia 0.25. Badiliko ni asilimia 1.4. Ukitumia mviringo wa wima wa mita 2,500, ambao ni kiwango cha chini kwa reli ya upana huu, unahitaji mita 35. Ninapendelea mita 100, kwa sababu mita 35 ni finyu mno kwa splaini na jicho la dereva litaona kipinda. Weka pete tatu: kwenye mita 2,950 kimo 2,348.675, kwenye 3,000 kimo 2,349.325, kwenye 3,050 kimo 2,349.625. Ile ya katikati iko sentimita 17.5 chini ya mahali mistari miwili ingekutana. Hesabu yake ni badiliko la mwinamo likiandikwa kwa desimali, mara urefu wa mviringo, gawanya kwa nane: 0.014 mara 100, gawanya kwa 8, unapata 0.175. Kileleni unashusha pete ya kati, bondeni unaipandisha.

Kituoni kaza zaidi. Uwanja wa mabehewa usizidi 1 kwa 400, yaani asilimia 0.25, la sivyo mabehewa yaliyoachwa yataanza safari yenyewe. Majukwaa mengi ya kwenye simyuleta ni bapa na hayainami, basi mahali pa jukwaa pawe sifuri kamili. Kwenye matawi ya njia, mguu wa kushoto na wa kulia viwe na mwinamo mmoja hadi mita 30 kupita mahali reli zinapoachana. Ukianza kupandisha mguu mmoja mapema, mataruma ya huku yanachomoza juu ya kokoto za kule. Njia za kupishana zipe kimo cha njia kuu pete kwa pete, kwa kifaa cha kusoma kimo na kifaa cha kukipachika. Usizikadirie kwa macho.

Hapo ndipo ardhi inapoingia. Kifaa cha kulainisha splaini kinavuta nukta za ardhi zilizo karibu hadi kimo cha reli. Bofya kipande kimoja kimoja, utazame, uendelee. Matokeo ya kwanza yanaweza kukuvunja moyo: udongo unatokeza katikati ya mataruma, hasa reli inapopita mshazari. Hiyo inatokana na gridi. Ardhi ya kawaida ya Trainz ina nukta kila mita 10, na kila mraba umegawanywa pembetatu mbili. Nukta zinaweza kuwa sawa kabisa na reli, lakini nukta moja ya jirani iliyobaki juu inavuta pembetatu nzima na ukingo wake unakata reli. Dawa ya haraka ni kushusha nukta zote za pande mbili za reli sentimita 20 hadi 30 chini ya kimo chake, kokoto za modeli ya reli zifunike pengo. Dawa ya kudumu ni kubadili vipande vya ardhi vya milimani kuwa gridi ya mita 5. Kipande kimoja cha mita 720 kwa 720 kina miraba 5,184 kwa gridi ya mita 10, na 20,736 kwa gridi ya mita 5, kwa hiyo usibadilishe njia yote hadi kompyuta ikahema. Vibadilishe vile ambavyo reli inapita ubavuni au kwenye mkato mwembamba. Uwanda wa Kano uache na mita 10.

Kulainisha huacha kingo wima kama ukuta. Tuta la udongo halisimami hivyo. Kwa kila mita ya kimo linahitaji mita moja na nusu kwenda kando. Tuta la mita 4 linaenea mita 6 kila upande, kisha linakutana na ardhi ya asili. Mkato wa udongo mgumu unaweza kuwa mita kwa mita. Tumia brashi ndogo ya kimo, anzia juu ukishuka, na usiguse nukta zilizo chini ya reli tena. Ukizigusa, rudia kulainisha kipande hicho.

Kwenye madaraja, onyo kubwa: usikitumie kifaa cha kulainisha kwenye kipande cha daraja hata mara moja. Kitafanya kazi yake ipasavyo, yaani kitalijaza bonde lote hadi usawa wa reli. Funga kimo cha pete mbili za vichwa vya daraja kwanza. Daraja la mita 180 lenye kichwa kimoja kwenye 2,210.0 na kingine kwenye 2,206.4 lina asilimia 2 kamili. Pete yoyote ya katikati ifuate mstari huo, wala usiweke badiliko la mwinamo juu ya daraja. Lainisha reli za njiani hadi mita 10 kabla ya kichwa, weka nguzo ya ukuta wa mwisho, halafu chimba bonde kwa brashi hadi miguu ya chuma ikae kwenye ardhi. Ukiona mguu mmoja unaelea na mwingine umezama, bonde limepinda kuliko data ilivyoonyesha. Lifuate bonde la picha.

Ukishapita Muhoroni, ambako uko karibu mita 1,300, mbinu inageuka. Hapa adui ni kelele ya data, yaani makosa madogo madogo ya vipimo, kwenye ardhi tambarare. Chora mistari mirefu ya kilomita mbili hadi tatu kila mmoja, usijali manundu, na upandishe reli yote mita 1 hadi 1.5 juu ya mashamba. Tuta hilo dogo ndilo linaloinusuru reli maji ya mito ya Kano yanapojaa, na ukiliweka na kalvati zake mahali mifereji inapovuka, mandhari itafanana na ya kweli. Ukifika gatini Kisumu, weka maji bapa kwa kimo kimoja, na gati liwe mita chache juu yake. Chagua mwaka wa njia yako kwanza, kwa sababu mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko kawaida na picha za wakati huo zinaonyesha maji mahali palipokuwa pakavu.

Vivuko vya barabara vinasahaulika sana. Barabara nayo ni splaini, na ikiachwa ifuate ardhi itapita chini ya reli au kuifunika. Soma kimo cha reli kwenye kivuko, kipachike kwenye pete za barabara mita 10 kila upande wa reli, kisha ishushe barabara polepole kwa asilimia 4 au 5. Kwenye tuta la mita 1.5, mteremko wa barabara utachukua mita 30 hadi 40. Ukiufinya kwenye mita 10, matatu zako zitaruka.

Kujaribu ni kwa hatua mbili. Kwanza pita na injini tupu kwa kilomita 20 kwa saa, kamera iwe nje, chini, usawa wa magurudumu, na uangalie upeo wa reli mbele: kipinda cha sentimita kumi ambacho huwezi kukiona kutoka juu kinaonekana wazi hapo. Andika umbali wa kila kasoro, usisimame kurekebisha katikati. Kisha funga zile tani 600 na upande kutoka Nakuru. Kasi ikidondoka ghafla mahali ambapo jedwali linasema 1.65, kuna pete nyeupe uliyoisahau, na utaipata ndani ya mita mia moja kutoka hapo. Anza na kipande cha Molo hadi Mau Summit peke yake, ukimalize hadi treni ipande bila kusita, ndipo uguse Londiani.